Hadi Diski Ipo, Mafaili Hayaonekani: Barua za Wasomaji na Majibu ya Mafundi

Mafundi, habari za kazi. Nina stesheneri hapa Nkuhungu. Hadi diski (hard disk) yangu ya nje ya TB 1 nikiichomeka taa inawaka na naisikia ikizunguka, lakini kwenye "This PC" haipo. Fundi mmoja kasema imekufa, mwingine anataka aifomati kwanza ndipo aangalie. Nimsikilize nani?
*Mama wa stesheneri, Nkuhungu, Dodoma*

Mama, usimsikilize yeyote kati yao kwa sasa, na huyo wa kufomati kwanza usimpe kabisa. "This PC" huonyesha patisheni (vipande ambavyo diski imegawanywa) zenye herufi peke yake, yaani C, D, E na kuendelea. Patisheni isiyo na herufi haitaonekana pale hata kama ni nzima na imejaa kazi za wateja.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `diskmgmt.msc`, kisha Enter. Kikitokea kidirisha chenye maneno "Initialize Disk", bonyeza Cancel. Windows ikishindwa kusoma jedwali la patisheni, yaani orodha ya vipande hivyo na mahali vinapoanzia, huona diski kama mpya iliyotoka dukani, ndiyo maana inaomba ruhusa ya kuandika jedwali jingine. Ukikubali, jedwali jipya litaandikwa palepale lilipokuwa la zamani.

Sasa tazama sehemu ya chini ya dirisha, penye mistari ya Disk 0, Disk 1, Disk 2. Diski yako itajulikana kwa ukubwa wake: ya TB 1 itasomeka GB 931. Hukuibiwa kitu. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1024.

Ukikuta mstari upo, patisheni ina neno NTFS (mfumo wa kupanga mafaili wa Windows) na "Healthy" lakini haina herufi, tiba ni ya dakika moja. Bofya patisheni kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha Add, uipe herufi ya mbali kama R. Ukikuta kisanduku cha kushoto kimeandikwa "Offline", bofya kisanduku hicho chenyewe, si patisheni, uchague Online. Menyu ikiwa imefifia haibofyeki, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `diskpart`, kisha `list volume`, `select volume 4` (weka namba ya kwako), `attributes volume clear nodefaultdriveletter`, halafu `assign letter=R`. Kama kila diski mpya unayochomeka inakosa herufi, ukiwa humohumo andika `automount enable`.

Ukikuta neno RAW, patisheni inaonekana ila mfumo wa mafaili ndani yake hausomeki. Hapa wengi hukimbilia `chkdsk`, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, nayo hukataa kufanya kazi kwenye RAW. Afadhali, kwa sababu chkdsk ikishapata nafasi kwenye diski inayougua huandika na kufuta inavyoona yenyewe. Ukikuta "Unallocated", jedwali limepotea. Jibu letu kwa mpiga video hapa chini linakuhusu.

Mstari usipokuwepo kabisa, hapo tatizo liko kwenye umeme, waya au diski yenyewe. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 na la USB 3.0 hutoa 900, wakati diski ndogo ya inchi 2.5 inaweza kuhitaji karibu ampia nzima pale inapoanza kuzunguka. Taa huwaka kwa umeme kidogo tu, kwa hiyo taa si ushahidi. Badilisha waya kwanza, kwa sababu waya mwembamba na mrefu ndio mkosaji wa kawaida. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila habu (kigawa matundu ya USB), na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mama. Ukisikia tiki-tiki-tiki halafu kimya, halafu tiki tena, hata baada ya kubadili waya, ichomoe na usiiwashe tena kujaribu. Kichwa cha kusomea kinahangaika, na kila mzunguko unaweza kuwa unakwaruza sahani.

Ofisini kwetu flashi na diski za nje zinasomeka kwenye kompyuta zote isipokuwa yangu. Mlio wa kuchomeka unasikika, ila hakitokei kitu.
*Mtumishi, Mtumba*

Angalia kama kompyuta yako ina folda ya mtandao iliyopewa herufi E au F. Windows hutoa herufi ya kwanza iliyo wazi kwa upande wa vifaa, na folda ya mtandao iliyounganishwa kwa jina lako huwa haiihesabu. Flashi inapewa E, folda nayo ni E, na folda ndiyo inayoonekana. Ipe flashi herufi nyingine kwa njia tuliyomweleza mama wa Nkuhungu, au mwombe mtu wa mtandao ahamishie folda za ofisi kwenye herufi za mwisho, kama S hadi Z.

Mafundi, nimeharibu. Napiga video za harusi na za kwaya. Nilikuwa natengeneza flashi ya kupigia Windows kwa diskpart, nikachagua diski namba 1 badala ya 2, nikaandika clean. Diski ya TB 2 yenye kazi za miezi minane sasa inasema Unallocated. Sijaigusa tena.
*Mpiga video, Area C, Dodoma*

Kaka, hayo maneno yako ya mwisho ndiyo yanayotupa matumaini. `clean` peke yake hufuta jedwali la patisheni, pamoja na nakala yake ya mwisho wa diski kama diski ni ya GPT, aina mpya ya jedwali (ya zamani ni MBR). Mafaili haiyagusi. Ungeandika `clean all` ingejaza sifuri kila sekta (kipande kidogo kabisa cha diski), na tusingekuwa na la kukuambia. Hilo ni kwa diski ya sahani zinazozunguka. SSD (diski ya chipu isiyozunguka) ikifutwa au kufomatiwa inaweza kupokea agizo la TRIM na kuusafisha ujazo wenyewe, na ndiyo maana kazi za SSD iliyofomatiwa mara nyingi hazirudi.

Kabla ya kuanza, pima afya ya diski. Pakua CrystalDiskInfo, au ukiwa Linux andika `sudo smartctl -a /dev/sdb`; kwa diski ya USB ongeza `-d sat`. Soma namba nne: 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, 198 ni zisizosomeka, na 199 ni makosa ya njia, ambayo kwa kawaida ni waya. Kwenye CrystalDiskInfo zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16 (hexadecimal): 05, C5, C6 na C7. Kama 197 na 198 ni sifuri, endelea na diski hiyohiyo. Kama si sifuri, toa picha (nakala kamili) ya diski nzima kwanza, ufanyie kazi kwenye picha:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/kubwa/diski.img /media/kubwa/diski.map`

Raundi hii ya kwanza huchukua kinachosomeka kirahisi na kuruka panaposumbua. Ikiisha, rudia amri hiyo ukiweka `-r3` mahali pa `-n`, irudie palipobaki mara tatu. Hiyo faili ya map usiifute, ndiyo inayoiwezesha kazi kuendelea pale ilipoishia umeme ukikatika. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko TB 2, na isiwe FAT32 (mfumo wa mafaili wa zamani), kwa sababu FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi.

Sasa TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier. Ni skrini nyeusi yenye maandishi, usiiogope. Ifungue kama msimamizi, chagua "No Log", kisha chagua diski kwa ukubwa wake. Soma mara mbili safari hii. Itakuuliza aina ya jedwali: "Intel" ni MBR na "EFI GPT" ni GPT. Baada ya clean programu inaweza kukisia "None", usikubali. Diski ya TB 2 inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Anza na unayoikumbuka, na ukikosa rudi ujaribu ya pili. Nenda "Analyse", kisha "Quick Search".

Programu haitegemei jedwali. Inapita kwenye diski ikitafuta alama za mwanzo wa mifumo ya mafaili. Unaweza kuziona mwenyewe kwa macho. Patisheni nyingi zilizotengenezwa na Windows kwenye diski ya MBR huanzia sekta ya 2048, yaani MB 1 kutoka mwanzo. Ukiwa Linux andika:

`sudo dd if=/dev/sdb bs=512 skip=2048 count=1 | xxd | head -2`

Ukiona mstari ukianza na `eb52 904e 5446 5320`, na pembeni upande wa kulia yamesomeka maneno `R.NTFS`, umeuona mlango wa patisheni yako umesimama palepale ulipokuwa. Kilichoondoka ni kibao cha barabarani. Hata huo mlango ukiharibika, NTFS huweka nakala yake kwenye sekta ya mwisho ya patisheni, na TestDisk inajua kuitafuta huko.

Patisheni ikitokea kwenye orodha, iweke mshale juu yake na ubonyeze `p`. Hapa ndipo penye hukumu. Ukiona folda zako, majina ya harusi na tarehe, umefika. Ukiona ujumbe kwamba mafaili hayasomeki, hiyo ni patisheni ya kale iliyowahi kuwepo kabla hujafomati zamani. Achana nayo, nenda "Deeper Search". Usibonyeze Write kwa patisheni ambayo hujaona mafaili yake. Wengi wanaoharibu kazi kwa TestDisk huharibia hapa: orodha inaleta patisheni tatu zinazoingiliana, mtu anaandika zote.

Ushauri wetu ni unakili kwanza. Ukiwa kwenye ile orodha ya mafaili bonyeza `a` kuchagua yote, kisha `C` kubwa, nenda kwenye folda ya diski nyingine, bonyeza `C` tena. Yakishatoka yote ndipo urudi ubonyeze Enter, hakikisha patisheni imewekewa `P`, chagua "Write", jibu `Y`, uzime na kuwasha kompyuta.

TestDisk ikikosa kabisa, kuna ndugu yake PhotoRec anayekuja kwenye kifurushi kilekile. Yeye huokota mafaili kwa umbo lake, bila majina wala folda, na video ndefu zilizoandikwa vipande vipande humshinda. Mwache awe wa mwisho.

Na siku nyingine kabla ya `clean`, andika `list disk`, soma safu ya ukubwa, kisha `detail disk` usome jina la kifaa. Au chomoa diski ya kazi kwanza, haina gharama.

Shikamooni mafundi. Laptopu yangu ilikuwa na Windows na Ubuntu. Nimepiga Windows upya, sasa Ubuntu haitokei wakati wa kuwasha, na GB 200 zake zinaonekana kama patisheni isiyo na jina. Kila nikiigusa Windows inataka kufomati. Project yangu ya mwaka wa mwisho iko humo.
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma*

Marahaba, kijana. Usiiguse tena ukiwa ndani ya Windows. Ubuntu hutumia mfumo wa mafaili wa ext4, na Windows haina macho ya kuusoma. Inachoona ni eneo lenye ukubwa lakini lisilo na maana kwake, basi inakupa msaada pekee inaoujua.

Wakati wa kuwasha, bonyeza kitufe cha menyu ya kuanzia: F12 kwa laptopu nyingi, F9 au Esc kwa nyingine. Kama neno "ubuntu" lipo kwenye orodha, lichague, maisha yanaendelea. Windows ilijiweka mbele ya foleni tu. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uipange foleni upya.

Kama halipo, washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua Terminal uandike `lsblk -f`. Utaona mstari wa aina hii: `nvme0n1p1 vfat`, kisha `nvme0n1p3 ntfs`, kisha `nvme0n1p5 ext4`. Huyo wa ext4 ndiye wa kwako. Nakili project kwanza:

`sudo mount -o ro /dev/nvme0n1p5 /mnt`

Ingia `/mnt/home`, peleka kwenye flashi nyingine. Kisha angalia ile patisheni ya vfat: `sudo mount -o ro /dev/nvme0n1p1 /media`, halafu `ls /media/EFI`. Ukiona folda ya `ubuntu`, kilichofutika ni kumbukumbu ya kuanzia tu, irudishe:

`sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'`

Folda isipokuwepo, patisheni ya EFI (hiyo ya vfat) ilifomatiwa wakati wa kupiga Windows, na GRUB, programu inayoiwasha Ubuntu, itabidi isakinishwe upya. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa anayeijua, na data haiko hatarini.

Utakutana na la upande wa pili pia: ukiwa Ubuntu, patisheni ya Windows itakataa kufunguka au itafunguka kwa kusomwa tu. Chanzo ni Fast Startup. Windows ukiizima kwa kawaida haizimiki kabisa, inalala na kuacha NTFS ikiwa na alama ya kutumika. Zima kwa `shutdown /s /t 0`, au imalize moja kwa moja kwa `powercfg /h off`. Kuilazimisha ifunguke kwa kuandika huku Windows imelala ni kutafuta RAW kwa mikono yako.

Mteja kaleta diski ya nje ya TB 4, ubao wa USB umeungua. Nimeitoa kwenye kasha nikaiunga SATA moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani. BIOS inaiona, ukubwa ni sahihi, lakini Windows inataka kui-initialize. Nyingine ya TB 3 kwenye kasha langu la zamani inasoma GB 746. Zote mbovu?
*Fundi, Singida mjini*

Fundi, huenda hakuna iliyo mbovu. Tuanze na ya TB 3 kwa kuwa ni rahisi. Namba ya biti 32 inafika sekta 4,294,967,296, na kwa sekta za baiti 512 hiyo ni TB 2.2 kasoro kidogo. Ubao wa kasha la zamani ukizidiwa huanza kuhesabu upya kutoka sifuri, na kinachobaki kwenye TB 3 ukitoa TB 2.2 ni GB 801 za dukani, ambazo Windows inaziandika 746. Kasha ndilo bovu kwa kazi hiyo. Usiandike chochote kwenye diski ikiwa humo, kwa sababu maandishi ya mbele kabisa yanaweza kuangukia mwanzoni.

Ya TB 4 ina uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza: watengenezaji kadhaa wa diski za nje, ili zisomeke hata na Windows XP isiyoijua GPT, waliweka ubao unaoidanganya kompyuta kwamba kila sekta ina baiti 4096. Kwa hesabu hiyo MBR inafika karibu TB 17.6. Ukiitoa kwenye ubao, sekta zinarudi kuwa za 512, na kila namba iliyo kwenye jedwali inakuwa imekosewa mara nane. Chukua mfano: jedwali linasema patisheni inaanza sekta 256. Kwa sekta za 4096 hiyo ni baiti 1,048,576, mahali sahihi. Kwa sekta za 512 ni baiti 131,072, mahali patupu. Kompyuta inaenda pale, haikuti kitu, inakata tamaa.

Usirekebishe jedwali. Ukiwa Linux, iambie isome kwa sekta kubwa:

`sudo losetup -r -f -P --show -b 4096 /dev/sdb`

Itakujibu kwa jina kama `/dev/loop8`. Andika `lsblk -f /dev/loop8`. Patisheni ikitokea, ifungue kwa `sudo mount -o ro /dev/loop8p1 /mnt` unakili vitu vya mteja kwenye diski nyingine. Ile `-r` ni ya kuzuia kuandika, usiiondoe.

Uwezekano wa pili ni mgumu zaidi. Baadhi ya diski za nje husimba data (huifunga kwa msimbo wa siri) ndani ya ubao hata kama mteja hakuwahi kuweka nywila. Utazijua hivi: losetup haileti patisheni, na ukichungulia sekta ya kwanza kwa xxd huoni `55aa` mwishoni wala sifuri popote, ni mchanganyiko mtupu kila unapogusa. Hapo tafuta ubao wa modeli ileile wenye chipu ileile. TestDisk haitakusaidia kwa data iliyosimbwa, na muda utakaoupoteza ni wako.

Laptopu mpya, nikitaka kupiga Windows inafika pale pa kuchagua diski na orodha ni tupu. Ila Windows iliyokuja nayo inawaka vizuri.
*Mwalimu, Kondoa*

Mwalimu, kama prosesa ni Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, karibu tutabashiri kwamba kuna kitu kinaitwa VMD kimewashwa. Diski ya NVMe, aina ya SSD ya laptopu za sasa, imewekwa nyuma ya kidhibiti ambacho flashi yako ya Windows haina draiva yake, yaani programu ya kukiendesha.

Pakua draiva ya Intel RST kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu. Faili la exe halitasaidia likiwa zima, lifungue kwa `SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST`, nakili folda hiyo kwenye flashi ya Windows. Kwenye ile skrini tupu bonyeza "Load driver", Browse, uchague folda yenye mafaili ya inf, kisha draiva yenye neno VMD. Diski itajitokeza.

Kuna wanaoshauri kuzima VMD kwenye BIOS. Inafanya kazi kama unafuta kila kitu, lakini Windows ya zamani haitawaka tena ikiwa hivyo. Na kabla ya kugusa BIOS ya laptopu mpya, hakikisha una ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kifungio cha siri cha diski cha Windows. Laptopu nyingi za sasa zinasimba diski zenyewe bila kukuuliza sana. Andika `manage-bde -protectors -get C:` kwenye Command Prompt ya msimamizi, uunakili kwenye daftari. Bila huo ufunguo hakuna fundi wa Kondoa wala wa Dar es Salaam atakayekufungulia.

Ikiwa hata BIOS haiioni diski, fungua mfuniko uangalie kama imekaa sawa kwenye tundu. Na kama ulibadilisha wewe, M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana umbo lakini si kila tundu linapokea zote mbili. Vumbi la kwetu lifute kwa brashi kavu laini; usikwangue miguu ya dhahabu kwa wembe.

Nimetoa hadi diski kwenye mashine ya kamera za dukani, nataka nione video ya usiku wa kuamkia Jumapili kwenye kompyuta. Kompyuta inasema ifomatiwe.
*Mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa*

Cancel, na uirudishe kwenye mashine leo hii ukiwa umeizima mashine kwanza. Rekoda nyingi za kamera zina mfumo wao wenyewe wa mafaili ambao Windows haiujui, na baadhi hazitumii hata jedwali la patisheni. Chomeka flashi iliyofomatiwa FAT32 kwenye tundu la USB la rekoda, ingia kwenye menyu ya kutoa nakala, weka tarehe na saa, hamisha. Fanya haraka. Rekoda ikijaa huandika juu ya siku ya zamani kuliko zote, na saa ya rekoda ikiwa imekosea utatafuta usiku usio wenyewe, kwa hiyo linganisha saa yake na ya simu yako kabla ya kutafuta.

Nimenunua flashi ya TB 2 mnadani kwa bei ya chee. Mafaili ya mwanzo yanafunguka, yaliyofuata yanaonekana majina tu lakini hayafunguki.
*Kijana wa Msalato*

Ni bandia. Ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kusema ni TB 2. Ikijaa, maandishi mapya yanatupwa au yanaandikwa juu ya mengine, na orodha ya majina inabaki inapendeza. Nakili haraka yale yanayofunguka. Kisha pima: Windows tumia H2testw, Linux tumia `sudo f3probe --destructive /dev/sdX`, ukiweka herufi sahihi mahali pa X na ukijua kwamba inafuta yaliyomo. Itakuambia ukubwa wake wa kweli, tuseme GB 16. Ukitaka kuendelea kuitumia, `f3fix` itakata patisheni iishie hapo. Kazi za watu usiziweke humo.